Jani Linalokataa Kukaa Kikombeni

Penye kona ya Walukuba, nyumba za wafanyakazi zinapokutana na barabara ya kwenda mjini Jinja, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni matofali. Kando yake Adrisi huweka jiko la makaa na birika la kahawa chungu, na kila alasiri ya mwaka ule wa 1998 wateja walikaa kwa mpangilio uleule. Kwanza Ojok, askari jela mstaafu, waliyemwita Afande Funguo. Kisha Wanyera, aliyelisha tanuri la mvuke katika kiwanda cha nguo hadi kilipofungwa, naye jina lake la utani Boila. Mwishoni Gidudu wa Mbale, mfua mashuka wa hoteli moja kando ya Nile, ambaye siku hiyo alikishika kikombe asikinywe.

Hoteli ilikuwa imeleta mashine ya kahawa. Docus, msimamizi aliyejifunza kazi Nairobi, alimpa Gidudu wiki mbili ajizoeze kuyapiga maziwa kwa mvuke, kisha ayamimine juu ya kahawa hata yachore jani. Kesho asubuhi angepimwa, na jani lisipotokea angerudi kwenye mashuka. Na huko Mbale, baba yake, mkulima wa kahawa, alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe ndiye anayeipika.

— Leo imetoka nini? aliuliza Boila.

— Wingu, alijibu Gidudu. Jana wingu, leo wingu.

— Wingu si mbaya. Mwambie mtalii hiyo ni mvua ya Jinja.

— Docus anataka jani, bwana.

Boila akaweka kikombe chini.

— Shida ni presha. Mimi nimekaa na mvuke miaka kumi na nane. Ikiona mtu anaogopa, inamdharau. Fungua yote.

— Nilifungua yote. Maziwa ikafika ukutani.

— Basi ulifungua kwa woga.

— Wacha mvuke, alisema Afande Funguo. Ni mkono. Mkono yake haina nidhamu. Simama imara, kisigino pamoja, mimina kwa hesabu: moja, mbili, moja, mbili. Mimi nimefundisha wafungwa mia nne kugeuka kushoto. Kikombe moja itanishinda?

Adrisi alicheka huku akipuliza makaa.

— Hamjui kitu nyinyi. Kahawa yenyewe ndiyo inayokataa. Imezoea kunywewa kavu, na tangawizi yake. Leo mnaimwagia maziwa utosini kama mtoto mchanga. Inaona haya, inalificha jani.

— Tena inatoka kwao Mbale, aliongeza Boila. Inamjua. Inasema, huyu nilimwona akikimbia mavuno, leo anataka kunichora.

— Kama ni hivyo, ageukie kaskazini, Afande alihitimisha. Nile inakwenda kaskazini. Kila kitu inamwagika hapa inapenda kaskazini.

Gidudu hakucheka. Aliwapenda wazee hawa, nao walimpenda. Lakini kesho ilikuwa inakuja. Akawaeleza upya, polepole, kama shahidi mbele ya hakimu.

— Asubuhi nanunua maziwa ya wachuuzi wa baiskeli. Nachemsha nyumbani mara tatu, ipande, ishuke, vile mama alinifundisha, maana ya baiskeli haiaminiki. Natoa utando. Natia kwa chupa ya chai, inafika hotelini ingali moto. Saa nane mashine ikipumzika, natia mvuke. Inanguruma, inatoa mapovu kubwa kama ya sabuni ya unga. Namimina. Wingu.

— Hapo hakuna kosa, alisema Afande. Hiyo ni usafi ya kambi.

Wote wakakubali kwamba hapo hapakuwa na kosa.

Nyuma yao alikuwa amesimama mama mmoja wasiyemjua, mfugaji kutoka Mafubira, akingoja kahawa yake ipoe.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Maziwa ikiwa imekwisha chemka mara tatu, mvuke inakwenda kufanya kazi gani ndani yake?

Afande akamtazama Adrisi. Adrisi akamtazama Boila, mtu wa mvuke. Boila akachungulia ndani ya kikombe chake.

Gidudu aliliona tena jagi la Docus siku ile ya kwanza ya kufundishwa: limetoka kwenye friji, bati lake linatoka jasho la baridi kiganjani mwake. Yeye alidhani ni kwa sababu maziwa yale yalikuwa ya pakiti. Hakuuliza.

— Mama, alisema, saa hii naweza kupata wapi maziwa haijaona moto, ilale kwa friji ya hoteli mpaka asubuhi?

— Ng'ombe zangu nakamua saa kumi na moja, jioni hii. Unaogopa kutembea?

Gidudu alikirudisha kikombe kwa Adrisi kikiwa kimejaa. Afande akakunja miguu ampishe, na hakuna aliyemwambia amimine vipi.