Kofia ya Lensmann Asbjørg

Miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa! Tarehe 30 Juni Asbjørg Tveitane anakabidhi funguo za kituo chetu cha polisi cha Skardal, na sisi wenzake hatujui tucheke au tulie, kwa hiyo tumeoka keki tatu.

Alianza mwaka 1990, lensmann wa kwanza mwanamke bondeni kwetu. Lensmann si polisi wa kukimbizana na wezi tu. Ndiye anayeandikisha vifo, anayeongoza msako mtu akipotelea mlimani, na anayeamua kondoo wa nani kala kabichi za nani. Katika hilo la mwisho Asbjørg amejipatia maadui wawili wa kudumu, na wote wawili tumewaalika.

Huku kwetu kila mtu anajua: lensmann akija na kofia mkononi, amekuja kunywa kahawa. Akija nayo kichwani, kuna aliyefariki. Asbjørg, mzaliwa wa mjini, hakuna aliyemwambia. Wiki yake ya kwanza alikwenda kumrudishia Bi Ragnfrid birika, kofia kichwani, na mume wa Bi Ragnfrid yuko mlimani anatafuta kondoo. Bi Ragnfrid alimwona dirishani, akakaa sakafuni. Mume alirudi jioni mzima kabisa, lakini Asbjørg hajajisamehe hadi leo. Tangu siku hiyo hubeba kofia kwapani hata mvua ikinyesha. Kichwani ameivaa mara kumi na tisa, na kila nyumba anaikumbuka.

Miaka michache iliyopita ikaja barua kutoka juu: cheo cha lensmann kimefutwa, sasa aitwe mkuu wa kituo. Bi Ragnfrid aliposikia alisema, "Mkuu wa kituo huyo ni wa kwao huko mjini. Wewe kunywa kahawa yako, lensmann, inapoa."

Anayemrithi ni mimi, Eirik Moldskred, na cheo hicho sitakipata. Niliogopa kwamba akiondoka nacho, milango itafungwa. Wiki iliyopita akanituma peke yangu kwa Bi Ragnfrid, ambaye sasa ana miaka tisini. Pazia likasogea. Akautazama mkono wangu kabla ya uso, kisha akafungua mlango.

"Ingia, lensmann," akasema. "Na ufute viatu."

Asbjørg, asante sana. Kapumzike, kavue samaki wako, na maisha yako yawe mema na marefu. Tutakuja kukutembelea kila mara, kofia mkononi.