Bw. Damasi Chilumba na Mikoko ya Mchangani

Sauti iliyonikaa kichwani tangu niajiriwe Redio Upepo ni mngurumo wa injini ya dizeli. Haukuwa mkubwa. Ulikaa chini ya maneno ya Bw. Damasi Chilumba kila alipoeleza jinsi hewa inavyochafuliwa, kwa sababu alirekodi akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, kiyoyozi kimewashwa. Kazi yangu ya kwanza kituoni ilikuwa kuufuta mngurumo huo wasikilizaji wasiusikie. Nimeufuta kwa miaka minne.

Bw. Damasi anastaafu leo, tarehe 30 Juni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa kusoma matangazo ya vifo na bei za korosho, akapanda hadi kuwa mtayarishaji wa kipindi cha "Pwani Inapumua", kilichowafundisha watu wa Mtwara neno tabianchi. Hilo ni lake na hakuna wa kumnyang'anya. Mabibi wa Mikindani hulitamka kwa madaha yake kabisa, wakivuta mwisho kama yeye.

Ndiye aliyebuni kampeni ya "Acha Gari, Tembea". Tulitembea kutoka Chikongola hadi Ufukoni tukiwa na fulana mpya, naye akatuongoza akiwa ndani ya gari la kituo, kipaza sauti mkononi, akitusifu. Rashidi, dereva wetu, aliuliza kwa adabu, "Bosi, na sisi si tushuke?"

"Tukishuka sote, nani atawahamasisha?"

Mwaka uliofuata alipanda ndege kwenda Dar es Salaam kuhudhuria semina ya kupunguza safari za ndege. Alirudi na cheti. Alirudi kwa ndege.

Hata hivyo, kazi anayojivunia kuliko zote ni sherehe ya kupanda mikoko kila mwaka. Miche hutoka kwenye kitalu cha kina mama wa kijiji kimoja karibu na mlango wa Ruvuma, ambako bahari imekwisha kula shamba la minazi na sasa inakinyemelea kisima. Wanailea ili wakinusuru kisima hicho. Kisha gari letu huenda kuichukua, na wageni huipanda hapa Ufukoni, kwenye mchanga mweupe ambapo jukwaa husimama vizuri na magari hayakwami. Mkoko unataka tope. Mtwara nzima inajua, na Bw. Damasi mwenyewe amelieleza hewani kwa ufasaha. Maji yakijaa, miche inaondoka. Mwaka unaofuata tunapanda palepale, na nafasi haikosekani.

Mwaka jana Bi Mwanakombo, mwenyekiti wa kina mama hao, alikuja mwenyewe kwenye sherehe.

"Baba Damasi, miche yetu unaileta huku kuogelea?"

"Mama yangu, kwenu matope. Mgeni rasmi avue viatu?"

"Basi mgeni aje huku ale keki, miche ibaki kwetu."

"Bila miche si itakuwa harusi? Mazingira ni picha, mama."

Watu walicheka, naye akacheka kuliko wote. Bi Mwanakombo hakucheka. Alisema mikoko mikubwa inayodondosha mbegu imeanza kung'olewa na mawimbi, kitalu kina mbegu za msimu mmoja tu, na hizo zikipotea hawana nyingine. Alijibiwa kwamba ujumbe umefika. Kweli ulifika, maana mimi ndiye niliyeshika kinasa sauti. Kipande hicho hakikurushwa.

Isisemwe kwamba hakutufundisha. Alinifundisha kumwacha mtu amalize sentensi yake, kutotetemeka mbele ya mkubwa, na kutosema hewani jambo ambalo siko tayari kulifanya. La mwisho alilisema akiwa amekula na kushiba, lakini nililiamini.

Bw. Damasi, kwa sauti yako na kwa uvumilivu wako kwetu vijana, asante. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na simu za ofisi, na safari fupi za miguu.

Wageni waalikwa, ratiba inaonyesha kwamba baada ya chakula tutakwenda ufukweni kupanda miche kwa heshima ya mstaafu. Niliagizwa kuifuata juzi. Nilikwenda na Rashidi, na hatukurudi nayo. Maji yalipotoka tuliingia topeni pamoja na Bi Mwanakombo na wenzake, tukaipanda yote kati ya bahari na kisima. Meneja nilimweleza baadaye, tukiwa tumeshanawa miguu.