Fahali wa Bwana Noh na Mguu wa Doksam

Mimi ni kinyozi wa soko la chini hapa Mukchon, na benchi la mbele ya kibanda changu nililichonga kwa ajili ya wateja. Hakuna mteja aliyewahi kupata nafasi. Wamelivamia wazee watatu wasiokuja kunyolewa, Meno Matatu, Gazeti na Mahakama, na birika lao la makoli, ile pombe nyeupe ya mchele, wanalitua juu ya kiti changu cha kazi kana kwamba ndilo lililokuja kunyolewa ndevu. Siku ninayoisema ilikuwa ya pili ya sikukuu ya Dano, ambayo kwetu haipiti bila mieleka. Jana yake Doksam, msuka viatu vya majani ya mpunga, aliwabwaga wanaume kumi na mmoja kwenye mchanga wa mieleka, na zawadi yake, fahali mwekundu, alikuwa amefungwa ng'ambo ya barabara mbele ya duka la viatu vya mpira la Bwana Noh. Noh ndiye aliyemtoa fahali, na hakumtoa bure. Karatasi za tangazo alizobandika hadi ukuta wa choo cha soko zilisema hivi: bingwa atampokea fahali akiwa amevaa viatu vya Noh, atampanda, atazunguka soko zima na bendera ya duka. Polisi wa Kijapani, maana siku hizo Wajapani ndio walioitawala Korea yetu, walitoa kibali: mtu mmoja, fahali mmoja, bendera moja, mwisho saa tisa alasiri. Saa nane ilishapita na bingwa hajaonekana.

Aliyeanza ni Meno Matatu. Zamani alikuwa mpagazi wa kituo cha treni, na jina lake halikutiwa chumvi hata kidogo.

Meno Matatu: Haji huyo. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

Mimi: Mzee, hapa tunazungumzia miguu.

Meno Matatu: Mkono, mguu, vyote vina vidole. Usinivuruge.

Gazeti: Nyie endeleeni kucheka tu, hamsomi.

Huyu Gazeti husoma magazeti yaliyofungiwa samaki wakavu, kwa hiyo habari zake zina miezi mitatu na harufu. Aliwahi kunywa kahawa mara moja mtaa wa Wajapani, na hadi leo anadai hajasinzia.

Gazeti: Hivi mmewahi kukigeuza kiatu cha mpira mkaangalia chini?

Mahakama: Mimi nilikigeuza. Kulikuwa na kinyesi cha mbwa.

Gazeti: Chini ya kinyesi, bwana! Kuna alama. Kila kiwanda na alama yake. Sasa mtu akipita na kiatu cha majani, anaacha nini? Haachi kitu. Akipita na cha mpira, anaacha alama topeni. Polisi wakiamka asubuhi wanaisoma barabara kama mimi ninavyosoma gazeti. Huyu alikwenda kwa hawara, huyu alivuka mlima. Kila Mkorea atakuwa anawaandikia polisi barua kwa miguu yake mwenyewe! Doksam kashtuka, ndiyo maana kajificha.

Tukanyamaza, kwa sababu polisi alikuwa anapita. Alipotokomea, wote wanne tukainama kutazama nyayo zake. Kweli zilikuwa na alama.

Meno Matatu: Penye miti hapana wajenzi.

Mahakama: Inahusu nini na nyayo?

Meno Matatu: Fahali yupo, bingwa hayupo.

Mahakama: Eh! Hiyo imeingia.

Meno Matatu: Imeingia?

Akashangaa mwenyewe, akajimiminia makoli kujipongeza.

Mahakama: Sasa naomba nisikilizwe. Mimi ni mtu niliyesimama kizimbani.

Mimi: Kwa kesi ya nguruwe, mzee. Ukiwa shahidi.

Mahakama: Nguruwe aliliwa, lakini ushahidi wangu ulisimama! Sasa nauliza: fundi wa nguzo za umeme anavaa nini mikononi?

Gazeti: Mpira.

Mahakama: Kwa nini?

Gazeti: Umeme usipite.

Mahakama: Andika hilo. Na nguvu za mpiga mieleka zinatoka wapi? Ardhini! Ndiyo maana wanacheza peku kwenye mchanga. Mvishe Doksam mpira, nguvu zinakatika kwenye nyayo. Atapanda fahali hapa, ataanguka pale kwa muuza kabichi. Halafu tujiulize, nani kaleta mpira nchini? Wajapani! Taifa zima limekatiwa umeme kwenye kisigino!

Gazeti: Lakini Noh ni Mkorea mwenzetu. Mimi na mamaye ukoo mmoja.

Mahakama: Noh hajui anachokiuza. Nami nilikuwa sijui nilichokishuhudia.

Mimi sikuweza kuvumilia tena. Nikaweka wembe chini nikawaambia ukweli ulivyo, kwamba Doksam hana haja ya umeme wala polisi kumzuia. Anaishi kwa viatu vya majani, na kila Noh anapouza jozi moja, Doksam anapoteza mteja. Akionekana juu ya fahali miguu yake imo ndani ya mpira, nani tena atamwendea? Na asipovaa, fahali hampati. Masika mbili mfululizo nimemwona shambani akivuta jembe yeye mwenyewe, kamba begani, mkewe akishika mpini nyuma na kulia kimyakimya. Niliumia kuiona hali ile, na niliumia tena kuisema.

Meno Matatu: Basi dawa ipo. Mguu mmoja avae cha Noh, mmoja avae cha kwake.

Gazeti: Atachekwa!

Meno Matatu: Na nani? Si yuko juu ya ng'ombe? Wa mkono wa kulia wataona mpira, wa kushoto wataona majani. Anayetaka kuona vyote viwili, ajilaze barabarani.

Mahakama: Na wakati wa kurudi?

Meno Matatu: Anarudi kinyumenyume.

Tulimpigia Noh kelele kumpa ushauri huo bure. Noh akatugeuzia mgongo. Tangu asubuhi alikuwa akipangusa viatu vilevile kwa kitambaa kilekile, na kila mtu alipokaribia dukani, yeye aliingia ndani. Mimi nilidhani ana hasira za mtu aliyedharauliwa.

Ndipo akatokea mama mmoja muuza chumvi, mgeni, kikapu kichwani, akaomba kutua mzigo apumzike. Tukampisha. Alipouliza ng'ombe yule anangoja nini, akapewa habari yote mara tatu, kila mzee na yake, pamoja na umeme. Alisikiliza huku akijifuta jasho. Akamtazama fahali, akatazama viatu vilivyopangwa mlangoni kwa Noh.

Mama Chumvi: Huyo bingwa wenu, ni mkubwa sana?

Meno Matatu: Akisimama mlangoni, ndani wanawasha taa.

Mama Chumvi: Na viatu vile vinamtosha?

Gazeti alifungua karatasi yake ya samaki akajifunika uso. Mahakama alifumbua mdomo, akaujaza makoli. Nami nilijaribu kuukumbuka mguu wa Doksam, mtu ninayemnyoa kila mwezi, nikagundua kwamba sijawahi kuutazama, maana siku zote umo ndani ya kitu alichosuka mwenyewe.

Noh alikuwa ameshavuka barabara. Uso ulikuwa umemshuka.

Noh: Havimtoshi, mama.

Gazeti: Umejuaje?

Noh: Alikuja jana jioni, mlango wa nyuma. Alitaka kuvaa! Alisema viatu vyake vya majani vitajitetea vyenyewe, mkewe amechoka kulima, nipe viatu. Nikampa vikubwa kuliko vyote. Cha kwanza kikachanika. Cha pili kikachanika. Akakunja vidole mpaka vikalia ko, ko. Mwisho akaniomba radhi, jamani! Mtu aliyebwaga wanaume kumi na mmoja ananiomba radhi kwa mguu aliozaliwa nao. Akasema sharti ni sharti, fahali nibaki naye.

Mimi: Na wewe ukanyamaza?

Noh: Ningesema nini? Tangazo langu linasema hakuna mguu tusioutosha!

Mama Chumvi: Kwani aliwashinda wenzake kwa mguu?

Meno Matatu: Kwa kiuno.

Mama Chumvi: Basi ng'ombe ni wa kiuno.

Akajitwika kikapu chake akaenda zake kuuza chumvi. Hata jina hatukumuuliza.

Noh akaenda akamfungua fahali kwa mikono yake ampelekee Doksam. Kengele ya shule ikalia saa tisa. Kibali kimekufa, na watu wengi nyuma ya fahali ni maandamano, na maandamano ni kulala ndani. Kwa hiyo tulimfuata mmojammoja, hatua thelathini kati ya mtu na mtu, kila mmoja na safari yake. Mimi nilishika wembe, ningesema ninakwenda kunyoa. Gazeti alishika tumbo, kama anayekimbilia choo. Mahakama alikwisha apa kwamba akiulizwa, atasema hamjui hata mmoja wetu.

Doksam alikuwa kibarazani kwake akisuka. Alipoona fahali alisimama, na kweli ndani kukawa giza, mkewe akatoka kuona kuna nini. Noh akampa kamba. Alikuwa ametayarisha hotuba njiani, nilimsikia akiifanyia mazoezi, lakini alichoweza kusema ni, "Chukua, kaka. Ni wako." Doksam aliishika kamba kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, macho yamemjaa machozi. Mkewe alikwenda moja kwa moja akaegemeza shavu kwenye shingo ya mnyama.

Kisha Doksam akapiga goti. Njia ya kwenda shambani kwake ni mawe matupu, na kwetu ng'ombe wa njia ya mawe husukiwa viatu vya majani. Akaunyanyua mguu wa mbele, akaupima ukwato kwa shibiri, akautua, akavuta fungu la majani akaanza kusokota kamba.

"Lete na huo mwingine, ndugu yangu," akamwambia fahali. "Mimi na wewe hakuna duka linalotutosha."

Noh alicheka mpaka akakaa chini vumbini, na alipoacha kucheka, akasogeza fungu jingine la majani karibu na mkono wa Doksam.