Subira ya Mjerumani

Eugenia, muuguzi wa zahanati ya Mzenga, alijifanya anachezea simu, kumbe masikio ameyatega kwa wanaume wawili waliokaa mbele yake kwenye treni.

Mzee Kondo, ambaye tangu Dar alikuwa ameshawaambia abiria wote kwamba yeye ni mwenyekiti wa timu ya kijiji, alikuwa anamsifu kocha mmoja wa Kijerumani. "Yule bwana alikuwa fundi viatu. Kapewa timu, msimu wa kwanza kafungwa, wa pili kashuka daraja. Walimfukuza? Thubutu! Wamemvumilia, wa tano kabeba kombe."

"Halafu akaenda timu kubwa, ikamtimua kwa mechi nne," alijibu kijana wa Kibaha aliyepakata mfuko wa mipira. "Mzee wangu, makocha wote mwisho wao mmoja."

"Hao hawakuwa na subira! Mpira unataka subira, kijana."

Eugenia akameza kicheko. Msimu huu peke yake Mzenga ilikuwa imeshaaga makocha watatu. Wa mwisho alifukuzwa kwa kuipitisha timu njia kuu, wakati kamati ya ufundi, ile ya mambo ya waganga, ilishaagiza waingie uwanjani kinyumenyume, kupitia shamba la mihogo.

Treni ilipofunga breki Mzenga, kijana alisimama, akatoa mkono. "Mwenyekiti, mimi ndiye Castory, kocha mpya. Katibu wenu ndiye aliyeniita."

Mzee Kondo akamtazama, akautazama na mfuko. "Karibu sana, baba, hapa ni nyumbani. Ila godoro usinunue kwanza. Jumapili tunacheza na Chole."