Bomba la Moshi la Mzee Zebedayo

Ndugu Meneja wa Karakana, Ndugu Mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi, wazee wetu mliotangulia kustaafu, wageni waalikwa, nanyi wanafunzi wa darasa la umeme: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana. Mama Zebedayo, leo tunakurudishia mumeo, mzima na vidole vyake vyote kumi.

Mimi Mwamvua, mtunza stoo, nimemjua fundi huyu tangu mwaka 1979. Miaka ile stoo yangu ilikuwa na rafu nyingi na vipuri vichache. Alikuwa akija dirishani ananiuliza, "Mwamvua, leo huna nini?" Nikimtajia, anakwenda kukitengeneza.

Lakini leo nitasimulia juma moja tu la Machi 1995. Mnakumbuka hali ilivyokuwa? Soko huria lilikuwa limeingia, wenzetu walikuwa wanapunguzwa kazini, na chumba cha darasa kilikuwa kimeshapata mteja wa kuhifadhia marobota ya mitumba. Tuliambiwa hivi: kama wakubwa watakaokuja Ijumaa hawataona mafunzo ya maana, chumba kinakwenda.

Tulichokuwa nacho ni zawadi ya mwalimu mmoja Mjerumani: injini ndogo ya treni ya moshi, ya mfano, urefu wa kiganja, na reli zake, inayoendeshwa kwa amri za kidijiti kutoka kwenye kisanduku cha vitufe. Kifaa cha kutoa moshi, yaani kipasha moto kidogo cha kuchemshia matone ya mafuta, kilikuwa pembeni, hakijafungwa. Nani angekifunga kama si Mzee Zebedayo?

Jumanne tarehe 14 alikifunga. Zamani aliwahi kutengeneza injini ya kuchezea ya namna ya kale, ambayo ikisimama, reli hazina umeme. Basi akachukua umeme wa kipasha moto moja kwa moja kwenye magurudumu, akatia matone ya mafuta, moshi ukatoka, tukapiga makofi. Akaisimamisha injini, akaenda kunywa chai.

Ndugu zangu, reli za kidijiti zina umeme wakati wote, injini ikienda au ikisimama. Aliporudi, mafuta yalikuwa yamekauka, kipasha moto kimeungua, na bomba la moshi, ambalo ni la plastiki, limelala upande kama mshumaa juani.

Hakuna aliyeiona ikiungua. Angeweza kusema zawadi ilikuja mbovu, nani angebisha? Alikwenda kwa Meneja, akasema, "Nimeiunguza mimi. Nilifunga kwa mazoea, sikusoma karatasi ya maelezo." Meneja akamuuliza, "Na Ijumaa?" Akajibu, "Ijumaa bado haijafika."

Akaja dirishani kwangu. Safari hii nilikuwa na kitu: koki mbovu ya shaba. Akaichonga ikawa bomba jipya la moshi. Kipasha moto cha akiba kilikuwa kimoja tu, hivyo alisoma karatasi ile siku nzima, na kamusi mkononi, ndipo akaunganisha waya kwenye kifaa kinachopokea amri ndani ya injini. Sasa moshi ukawa na kitufe chake.

Ijumaa wakubwa walijaa chumbani. Injini ikaondoka, Mzee akabonyeza, moshi ukapanda. Nyuma kabisa alikuwa Mzee Ernesti, aliyeendesha injini za moshi za kweli kwenda Moshi na Arusha, na ambaye alifundishwa kwamba moshi mzito ni mafuta yanayopotea. Akasahau alipo, akapaza sauti: "We Zebedayo! Unachoma mafuta ya watu! Punguza!" Mzee akajibu, "Ndiyo, dereva," akabonyeza tena, moshi ukakatika. Wakubwa wakacheka hadi wakaomba kubonyeza wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Chumba kikabaki darasa, na marobota yakatafuta pengine.

Lile bomba lililoyeyuka alilipigilia ubaoni mwa darasa, akaandika chini yake tarehe na maneno haya: "Zebedayo hakusoma." Kila mwanafunzi mpya huanzia hapo.

Juzi kamati tulitaka kulitia kwenye fremu nzuri tumkabidhi leo kama kumbukumbu. Nikamwendea. Akaniangalia, akasema, "Mwamvua mwanangu, hilo liacheni. Aliyestaafu ni mimi."

Basi, Mzee, tumeliacha. Zawadi yako ni redio, na karatasi ya maelezo imo ndani ya boksi, tafadhali uisome.

Nawashukuru nyote mlivyotulia kunisikiliza. Asanteni sana.