Chai ya Gachanja

Mwaka wa sabini na mbili, kwenye basi la Rongai, nilikaa nyuma ya mama mmoja na mwanawe Gachanja, aliyezaliwa na akili nzito kidogo.

"Kusuka mikeka mchana kwa masista, hiyo sawa," mama alimwambia mzee Jaswant wa duka la vitambaa, aliyekaa kando yao. "Sasa wanataka alale huko na wenzake, wajipikie. Huyu mtoto? Nani atampozea chai?"

Mtoto alikuwa na ndevu kunishinda.

"Na siku wewe hauko, mama?" Jaswant aliuliza. "Mimi niko na dada kama huyu nyumbani. Hata mlango hajui kufungua, kwa sababu sisi ndio tunamfungulia."

"Huyo ni dada yako."

Basi likapunguza mwendo. Mama akamimina chai ya chupa, akaipuliza, akampa mwanawe. Gachanja akaipuliza tena, akamnyooshea Jaswant kikombe kwa mikono miwili. "Mgeni kwanza."

"Unaona kazi ya masista?" Jaswant akamwambia mama.

"Masista gani?" mama akawaka. "Hiyo nilimfundisha mimi!"

"Kumbe anafundishika," Jaswant akasema, akanywa.

Mama akamimina chai nyingine, akampa Gachanja bila kuipuliza. Basi likasimama.