Kanda Niliyoifuta

Bismillahi. Kaeni karibu wanangu, Tahera upande huu, Yusuph upande ule, na hiyo simu iweke juu ya mto hapa karibu na mdomo wangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni. Imeanza kurekodi? Una hakika haifuti kitu kingine? Tena usinijibu Kiingereza leo, Yusuph, nakuomba, kama Kiswahili kimekushinda tikisa kichwa. Haya. Mimi Parveen, binti wa marehemu Bi Sakeena wa Pangani, nikiwa na akili zangu, au zile zilizobaki, maana tangu juzi sijui kama leo ni Jumanne au Ijumaa na hizo dawa zinanichanganyia asubuhi na jioni, nasema haya ili yabaki baada yangu.

Vidogo kwanza. Bangili zangu ni za Tahera, na asije mtu akamwambia ziuzwe. Cherehani mpeni Josephine wa ghorofa ya tatu, ameniazima sukari na maneno mazuri miaka yote hii. Lile koti langu la ngozi lenye pini, ambalo mmelicheka tangu mko wadogo, mpeni Derek, yule rafiki yangu mwenye kipara aliyestaafu udereva wa basi, halimtoshi lakini atalitundika ukutani kama picha ya mtakatifu. Naam, cheka tu, Tahera. Kubwa ni nyumba ya mama yangu ya Ngamiani, Tanga, na pamoja na nyumba hiyo kanda moja ya kaseti iliyomo ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda hiki.

Sikilizeni sasa, hapa ndipo penye kidonda. Mna mjomba. Mmemwona kwenye picha mbili, mkaniuliza, nikawaambia tuligombana mambo ya kizamani. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, ndivyo wasemavyo, basi watu wamelima hapa miaka arobaini na miwili na hakuna aliyevuna. Kaka yangu Abdulsultan anakaa Malton, mwendo wa basi mbili kutoka hapa Downsview, Toronto, alifanya kazi ya kupakia mizigo kiwanja cha ndege mpaka mgongo ukamkataa, na tangu mwaka themanini na tatu hajakanyaga nyumbani kwangu. Anaamini nimemdhulumu. Na mimi, Mungu anisamehe, nimemdhulumu kweli, ila si vile anavyodhani.

Ninyi watu wa simu za video hamjui tulivyoishi. Mama hakujua kuandika, kwa hiyo barua zake alizisema kwenye kanda, na kanda ikaletwa na msafiri yeyote aliyekuja Toronto. Upande mmoja ulikuwa wake. Upande wa pili aliuacha mtupu, wa sisi kumjibu, na tukishajibu kanda ile ile inarudi Tanga na msafiri mwingine, ikaenda na kurudi mpaka ikachakaa. Upande wake aliutia tone la hina lililokauka likawa gumu, ili tusikosee. Watu wote wa kwetu tuliokuwa huku tulifanya hivyo.

Mwaka ule kaka alikuwa ameoa binti wa Kijamaika wa Mount Dennis, Mkristo, mpole, msichana mzuri tu, lakini alioa bila kumwomba mama radhi, na habari zikafika Tanga kabla hajamwambia mwenyewe. Mama akanyamaza miezi mitano. Hakuna kanda, hakuna salamu. Kisha Alhamisi moja, au ilikuwa Ijumaa, mama mmoja wa Tanga akatua uwanja wa ndege, nikaenda kumpokea, akanipa kanda ikiwa imefungwa kwa kitambaa, akasema: "Mama yako ni mgonjwa. Hii ni wosia. Amesema muisikilize wawili pamoja, asitangulie mmoja." Kaka alikuwa zamu mpaka Jumapili. Nikaitia mfukoni, mfuko wa koti hilo hilo, nikaingoja Jumapili.

Sasa kati ya siku hiyo na Jumapili palikuwa na Jumamosi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nafunga maboksi ghalani mchana kutwa, na nilikuwa nimependa bendi. Iliitwa Bad Transfer, yaani zile karatasi za kuunganishia basi, ambazo dereva akiiona yako imepitwa na saa anakutupa nje. Vijana wanne, magitaa mawili yanayopiga kelele kama bati linaloburutwa barabarani, ngoma zinakimbizana, na kila wimbo unakwisha kabla hujajua umeanza. Walipiga panki, tena ile kali ya kasi, ilikuwa ndiyo kwanza inaingia mjini. Mnaniuliza nilipenda nini? Kwa Wahindi nilikuwa Mwafrika kwa sababu ya mama, kwa Waafrika nilikuwa Mhindi kwa sababu ya baba, na kwa Wazungu sijui nilikuwa nani. Mle ndani nilisukumwa kama wote walivyosukumwa, nikianguka nikainuliwa na mikono nisiyoijua, na nilipiga ukelele na hakuna aliyeniambia binti, punguza sauti. Nilikuwa na furaha, wanangu, sitawaficha, sijawahi kuwa na furaha ya namna ile hata siku ya harusi yangu, na baba yenu alijua, Mungu amrehemu.

Jumamosi hiyo walipiga chini ya kanisa moja huko Mount Dennis. Nilikwenda na redio kaseti ya baba mdogo, aliyekuwa akitulea hapa, nirekodi shoo. Na kanda tupu niliyoinunua, wimbo wa kwanza tu, mashine ikaitafuna. Watu wananisukuma, mwimbaji ananiangalia, ananipigia kelele niwahi. Mkono ukaingia mfukoni. Nikasema moyoni, upande wa pili mtupu, ni wa kujibia, na mimi nitamwambia mama nini cha maana, sitaigusa sauti yake. Mlikuwa giza, taa moja nyekundu. Kidole kikalitafuta tone la hina, nikaona nimelipata, nikaigeuza kanda, nikabonyeza. Mpaka leo sijui kidole kiligusa hina au kiligusa uchafu.

Dakika ishirini na sita. Kisha padri akazima umeme, watu wakazomea. Nikaenda chooni kusikiliza nilichopata. Nikasikia bendi, safi kabisa, nikacheka peke yangu, nikaiacha iendelee, na bendi ilipokatika nikasikia sauti ya mama yangu, imechoka, inasema: "Haya, nimechoka. Fungeni dirisha, mvua inaingia." Halafu kimya. Hayo ndiyo yaliyobaki ya wosia wa Bi Sakeena. Niligeuza upande wa pili. Mtupu.

Nipe maji, Tahera. Asante.

Jumapili nikajisingizia homa, kaka sikumwambia kitu. Jumatano ikaja telegramu kwamba mama amefariki. Baba mdogo akauliza kanda, nikasema mashine imeitafuna, nikamwonyesha ile nyingine. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imekuwa ndefu kweli. Wazee wa Tanga wakakaa, na asiyekuwapo na lake halipo, wakasema Sakeena alikufa ana kinyongo na mwanawe, nyumba apewe Parveen peke yake. Kaka akaja, akasimama mlangoni na theluji mabegani, akasema: "Umeiharibu wewe. Ulisikia amenipa radhi, ukaiharibu, ili uchukue nyumba." Ningemwambiaje kwamba sikutaka nyumba, nilitaka nyimbo? Akaondoka, na amezeeka asijue kama alipata radhi ya mamake au aliikosa, na ninyi mliozaliwa huku hamjui ni mzigo gani mtu kulala na kuamka na jambo hilo.

Na kanda, ajabu ya Mungu, ikawa maarufu. Bendi ilivunjika mwezi wa tatu, na hiyo ndiyo rekodi yao pekee. Derek aliiazima kwangu, akanakili, mwenzake akanakili ya Derek, ikafika Brazili, ikafika Japani. Kila mwaka mashabiki wanakutana ukumbini, wazee watupu wenye magoti mabovu, wanabishana. Chini ya kanisa tulikuwa watu kama arobaini, sasa wanaodai walikuwapo ni mia nne. Mmoja anaapa wimbo wa kwanza ulikuwa wa nauli, mwingine anaapa ni wa msimamizi wa kiwanda, mmoja ananiambia mimi mwenyewe sikuwapo. Nikiwasikiliza sana hata mimi nachanganyikiwa, najiuliza labda kweli sikuwapo. Na mwisho wa yote, wanangu, wanasimama wote, vipara na matumbo, wanainua ngumi na kupiga ukelele: Fungeni dirisha! Mvua inaingia! Wanadhani ni sehemu ya wimbo. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaenda kulia kwenye gari. Sijawaambia.

Sasa sikilizeni kinachoniua kuliko ugonjwa. Katikati ya wimbo wa sita na wa saba nilisimamisha mashine, nikaanza tena, na hapo pana upenyo usiofutika, kama pumzi moja. Nimeusikiliza maelfu ya mara. Siku nyingine nasikia mama anasema "Abdulsultan", kwa upole, kama anamwita chakulani. Siku nyingine nasikia mkwaruzo wa kanda tu. Nilipokuwa na mimba yako, Yusuph, nilisikia jina waziwazi nikavaa viatu niende Malton, nikasikiliza mara moja zaidi nihakikishe, halikuwamo. Nikavua viatu. Sijui kama nalisikia au nimelitunga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kimenikuta hapa kitandani bila jibu.

Nani huyo amegonga? Mfungulieni. Ni Derek, nilimwambia aje leo kuchukua kanda, anataka kuipeleka kwenye maktaba yao ya mambo ya zamani. Kaa hapo Derek, kwenye kiti. Macho yangu yamekwisha, naona koti tu. Usiondoke, Tahera, Derek hajui Kiswahili, nitaendelea.

Derek nimemdanganya. Kanda hatapewa, wao wana nakala zao. Kanda ni ya kaka. Nakuusieni, na nakuapisheni kwa maziwa niliyowanyonyesha: mkishanizika, au hata kabla, pandeni basi mwende Malton, ninyi wawili, na msimtume mtu. Mpelekeni kanda mkononi. Nyumba ya Ngamiani mwulizeni shehe, haki yake ya urithi apewe yote kama ilivyo katika sheria, na hilo fungu langu pia nimemwachia, wala msininunie, ninyi mna kazi na vyeo. Mwambieni aliniona mwongo na mimi ni mwongo, aliniona mwizi na mimi si mwizi. Na akiuliza mama alisema nini...

Ngojeni nipumue.

Akiuliza hivyo, msije mkamhurumia mkasema alimpa radhi. Nimejaribiwa mara nyingi kumwandikia hivyo, ni maneno mawili tu, angelala usingizi. Lakini nimeshamfutia ukweli mara moja, sitamrekodia uongo juu yake. Mwambieni hivi: dada yako amesema hajui. Hajui. Amekuibia jibu lako na hana la kukurudishia, na anakuomba msamaha, na usipompa pia ni haki yako.

Mbona Derek analia?

Tahera, anaumwa? Umemfasiria? Kwa nini anali... Nani ameniita Pari? Toronto nzima hakuna anayeniita Pari, jina hilo nililiacha Tanga. Tahera. Ulimpigia simu wewe. Bila kuniuliza. Mtoto huyu. Haya, nyamaza, sikukasirikia, sogeza kiti chake, si hapo, huku, nimguse. Mikono ni ya baridi. Ya baba kabisa.

Umesikia, basi, na yaliyotangulia yamo ndani ya simu hii. Sina jingine la kukuambia.

Wanangu, Mungu awape umri wenye heri, awape watoto watakaowajibu kwa lugha mnayoitaka, asiwatenge kwa mali wala kwa maneno. Radhi yangu mnayo yote, Tahera, Yusuph, nimeitamka waziwazi na kila mtu ameisikia, asije mmoja wenu akakaa akijiuliza. Nizikeni mapema, msingoje ndugu wa mbali. Muziki msipige.

Sauti inakatika. Geuza kichwa changu upande wake. Hivyo.

Shikamoo, kaka.

Shikamoo.

Tahera, masikio yangu... ameitika?